Waigizaji wa Amos 'n' Andy na Lugha Waliyopewa Kusema

Mwaka 1963, wakati Kenya ilipokuwa ikijitayarisha kupokea uhuru na televisheni yake ilikuwa changa, kwani ilianzishwa mwaka 1962 tu, kampuni ya CBS Films ya Marekani ilitangaza kwamba mchezo wake wa kuchekesha uitwao Amos 'n' Andy ulikuwa umeuzwa katika nchi mbili za Afrika, yaani Kenya na Nijeria ya Magharibi. Haukupita muda mrefu ofisa mmoja wa serikali ya Kenya akatangaza kwamba mchezo huo hautaonyeshwa nchini. Mtazamaji wa Kenya, basi, hakupata nafasi ya kuwaona Tim Moore, Spencer Williams, Alvin Childress na wenzao wakiigiza, na majina yao hayajulikani sana hapa. Ni jambo la kusikitisha kidogo, kwa sababu maisha ya waigizaji hao yanagusa swali ambalo mwanafunzi wa lugha za Kiafrika hawezi kulikwepa: ni nani mwenye haki ya kuamua jinsi watu fulani wanavyosema?

Makala haya yanakusudia kueleza waigizaji hao walikuwa nani, walitoka katika fani gani kabla ya kuingia katika televisheni, walitakiwa waseme lugha ya namna gani, na mchezo ulipokoma waliishia wapi.

Hapana budi kuanza na redio, kwa maana Amos na Andy walikuwa sauti kabla ya kuwa na nyuso. Wabunifu wao walikuwa Wazungu wawili, Freeman Gosden aliyezaliwa Richmond, Virginia, na Charles Correll wa Peoria, Illinois. Mwaka 1926 walianza kuigiza katika kituo cha redio cha Chicago mchezo ulioitwa Sam 'n' Henry, na mnamo Machi 1928 wakahamia kituo kingine cha mji huohuo wakiwa na wahusika wapya: Amos, mtu mpole na mchapa kazi, na Andy, mvivu mwenye majivuno. Wahusika hao ni Wamarekani Weusi waliohama kutoka Kusini kwenda kutafuta maisha katika miji mikubwa ya Kaskazini, na mali yao kubwa ni teksi moja isiyokuwa na paa. Mwaka 1929 mchezo ukaanza kutangazwa nchi nzima na shirika la NBC. Ulipendwa kupita kiasi. Wenye majumba ya sinema walilazimika kusimamisha filamu jioni na kufungulia redio ukumbini, wasije wakakosa wateja. Gosden na Correll waliandika mchezo wenyewe, na kwa miaka mingi waligeuza sauti zao wawili tu ili kuwaigiza karibu wahusika wote. Mwaka 1930 walipotengeneza filamu walijipaka masizi usoni, kama ilivyokuwa desturi ya zamani ya jukwaa la Marekani, ambapo Mzungu alimcheza Mweusi huku Mweusi mwenyewe akiwa mlangoni amekatazwa kuingia.

Isidhaniwe kwamba Weusi wote waliuchukia mchezo huo. Wengi waliusikiliza na kucheka. Lakini mwaka 1931 gazeti la Pittsburgh Courier, lililomilikiwa na Weusi, lilianzisha kampeni ya kukusanya saini milioni moja ili uondolewe hewani. Kampeni haikufaulu. Katika miaka ya 1940 mchezo ulipogeuzwa kuwa wa nusu saa mara moja kwa juma, waigizaji Weusi walianza kuajiriwa kwa sehemu ndogo ndogo, miongoni mwao Ernestine Wade, Amanda Randolph na Johnny Lee. Watu hao, basi, walizoea kazi hii miaka mingi kabla ya kuonekana kwa macho.

Televisheni ilipoanza kushika kasi, shirika la CBS lililokuwa limeununua mchezo lilikuta kwamba masizi hayatafaa tena. Ilikuwa lazima watafutwe Weusi watakaowacheza Weusi. Hapa ndipo ulipozuka mkanganyo ambao ni kiini cha habari hii: wenyewe walitakiwa wamwigize mwigaji. Mwigizaji aliyetafutwa hakuwa yule awezaye kusema kama mtu wa Harlem au wa Mississippi. Alitakiwa awe na sauti inayofanana na ile ambayo Mzungu wa Virginia aliitunga na wasikilizaji wakaizoea kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliyepewa kazi ya kuwasaka waigizaji alikuwa Flournoy Miller, mtu aliyestahili heshima kubwa kuliko hiyo. Miller ndiye aliyeshirikiana na Aubrey Lyles kuandika maneno ya Shuffle Along, mchezo wa nyimbo wa mwaka 1921 uliofungulia Weusi milango ya Broadway, na mtindo wa kuchekesha wa Miller na Lyles, wa kuvuruga maneno makubwa na kukatizana kauli, ulikuwa umejulikana jukwaani kabla Gosden na Correll hawajasikika. Kwa hiyo inawezekana kusema kwamba mali ilitoka kwa mwenyewe, ikauzwa sokoni na mtu mwingine, kisha mwenyewe akaajiriwa kuipanga dukani.

Wa kwanza kuajiriwa alikuwa Alvin Childress. Alizaliwa Meridian, Mississippi, mwaka 1907, akasoma Chuo cha Rust na kupata shahada katika elimu ya jamii. Alikwenda New York, akaigiza katika mpango wa serikali wa kuwasaidia watu wa sanaa wakati wa ukosefu mkubwa wa kazi wa miaka ya 1930, kisha katika American Negro Theatre ya Harlem. Mwaka 1944 alikuwa miongoni mwa waigizaji wa Anna Lucasta kilipofika Broadway. Huyu alikuwa mwigizaji wa michezo mizito, mtu wa kisomo na sauti tulivu, naye akapewa sehemu ya Amos. Katika televisheni Amos hakubaki mhusika mkuu, bali alifanywa kuwa msimulizi anayejitokeza mara kwa mara kuwaeleza watazamaji vituko vya wengine. Onyesho linalokumbukwa zaidi kwa ajili yake ni lile la Krismasi, ambamo Amos anamfafanulia binti yake Sala ya Bwana, neno kwa neno, mtoto akiwa kitandani. Hata wapinzani wakali wa mchezo huo walipata taabu kulikemea onyesho hilo.

Andy alichezwa na Spencer Williams, na hapa inafaa kutua kidogo, kwa kuwa Williams ndiye aliyekuwa na kazi kubwa zaidi nyuma yake na ndiye aliyesahauliwa zaidi kwa ajili ya kazi hiyo. Alizaliwa Vidalia, Louisiana, mwaka 1893, akawa mwanajeshi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Katika miaka ya 1930 aliigiza katika filamu za wachunga ng'ombe zilizotengenezwa kwa ajili ya watazamaji Weusi, kama vile Harlem Rides the Range. Kisha akapata mfadhili, Alfred Sack wa Dallas, Texas, akaanza kuongoza filamu zake mwenyewe. Ya kwanza kupata sifa ni The Blood of Jesus ya mwaka 1941, aliyoiandika, akaiongoza na kuigiza ndani yake. Inahusu mwanamke mcha Mungu aliyepigwa risasi kwa bahati mbaya na mumewe, na safari ya roho yake njia panda kati ya Mbinguni na Jehanamu. Fedha zilikuwa haba na vyombo duni, lakini filamu ilizunguka katika makanisa na majumba ya sinema ya Weusi ikapendwa mno. Alifuatisha na Go Down, Death mwaka 1944 na Juke Joint mwaka 1947. Watu katika filamu hizo husali, huimba, hubishana na kuaga dunia katika lugha yao wenyewe, pasipo mtu wa kuwarekebisha. Aliyekuja kuwa Andy, bwana mnene mwenye kofia ya duara na sigara kubwa, adanganywaye kila juma, ndiye huyohuyo.

Mhusika aliyeutawala mchezo katika televisheni, hata hivyo, hakuwa Amos wala Andy. Alikuwa George Stevens, mkuu wa chama cha kindugu, ambaye kwa cheo chake aliitwa Kingfish. Ni mjanja asiye na kazi, kutwa akitunga hila za kumnyang'anya Andy fedha zake. Sungura wa hadithi zetu angemtambua mara moja. Sehemu hii ilichezwa na Tim Moore, mzaliwa wa Rock Island, Illinois, mwaka 1887. Moore alianza kuchekesha watu akiwa kijana, katika maonyesho ya wauza dawa waliozunguka mijini, akapigana ngumi kwa malipo, akasafiri na vikundi vya jukwaani nchi nyingi, akafika Broadway katika Blackbirds. Alipoitwa alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao Rock Island, umri umepita sitini. Miller ndiye aliyemkumbuka. Uso wa Moore, uwezo wake wa kutulia kabla ya kusema neno, na jinsi alivyopandisha sauti kwa hasira za uongo, vilimfanya kuwa mmoja wa wachekeshaji bora waliopata kuonekana katika televisheni ya miaka ile. Hayo waliyakubali hata watu waliotaka mchezo ufutwe.

Mke wa Kingfish, Sapphire, alichezwa na Ernestine Wade, na mama mkwe wake na Amanda Randolph. Randolph naye alikuwa na historia yake: mwaka 1948 aliigiza katika The Laytons, na kwa hiyo huhesabiwa kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa nyota wa mchezo wa mfululizo katika televisheni ya Marekani. Wakili mlaghai Calhoun alikuwa Johnny Lee, na mfagiaji Lightnin', mtu wa mwendo wa pole na maneno ya pole zaidi, alikuwa Nick Stewart. Onyesho la kwanza lilitangazwa tarehe 28 Juni 1951, kwa udhamini wa kampuni ya bia ya Blatz. Kwa mara ya kwanza Marekani iliona mchezo wa televisheni ambao waigizaji wake karibu wote walikuwa Weusi.

Sasa lugha. Kichekesho cha Amos 'n' Andy kwa sehemu kubwa hakikuwa katika matendo, bali katika usemi, na usemi huo ulikuwa na tabaka mbili zinazopaswa kutenganishwa. Tabaka ya kwanza ni ya maneno yaliyokosewa: mhusika anatafuta neno kubwa la kisheria au la kisomi, akaangukia neno jirani. Ni kama mtu katika Kiswahili atakaye kusema kwamba ameweka shamba lake rehani, akasema ameliweka ruhani. Au aliyeitwa kutoa ushahidi, naye akajisifu kwamba amekwenda mahakamani kutoa shahada. Kichekesho cha namna hii kipo katika kila lugha yenye tabaka la wasomi na tabaka la wanaotamani kusoma. Wachekeshaji Weusi walikitumia wao wenyewe mbele ya watu wao, na wakachekwa kwa upendo.

Tabaka ya pili ni ile ya matamshi na sarufi, na hapo ndipo penye ubishi. Kiingereza cha Wamarekani Weusi ni lugha yenye kanuni zake. Mwaka 1949, miaka miwili kabla ya mchezo kuonyeshwa katika televisheni, mwanaisimu Mweusi Lorenzo Dow Turner alikuwa amechapisha uchunguzi wake wa Kigullah, lugha ya visiwa na mwambao wa South Carolina na Georgia, akaonyesha maneno na majina mengi yaliyotoka katika lugha za Afrika. Baadaye, hasa katika kitabu cha mwaka 1972, William Labov alionyesha kwamba kuachwa kwa kitenzi kishirikishi katika Kiingereza hicho si uvivu wa mdomo: kuna mahali kinapoweza kuachwa na mahali kisipoweza. Msemaji wa Kiswahili hatashangaa, kwani naye husema "Juma mwalimu" akaeleweka. Kadhalika Kiingereza hicho kina njia maalum ya kuonyesha tendo la mazoea, tofauti na tendo linalofanyika wakati huu. Kiingereza sanifu hakina kitu kama hicho katika umbo la kitenzi cha kuwa, ilhali Kiswahili kina "hu-" yake. Lahaja ya Gosden na Correll haikuwa na habari ya kanuni hizi. Ilichukua dalili chache zinazosikika kwa urahisi, ikazirundika katika kila sentensi, ikaongeza makosa ambayo hakuna msemaji ayafanyaye. Ilikuwa lugha ya jukwaani iliyotungwa na mgeni, na iliitwa ya wenyewe.

Mgogoro ulizuka mapema wakati wa matayarisho. Spencer Williams alieleza baadaye kwamba Gosden alimtaka atamke maneno kwa namna ileile ya redio, naye akakataa. Gosden alidai kwamba yeye anajua jinsi Amos na Andy wanavyopaswa kusema. Williams akamjibu kwamba Weusi hawapendi kuona Weusi wenzao katika televisheni wakisema hivyo, na kwamba yeye Williams anajua jinsi Weusi wanavyosema kwa kuwa amekuwa Mweusi maisha yake yote. Kwa mujibu wa Williams, tangu siku hiyo Gosden hakurudi tena studioni. Mtu atazamaye maonyesho yaliyosalia ataona kwamba Andy wa Williams husema kwa utulivu kuliko Andy wa redio, na Amos wa Childress hukaribia usanifu. Ushindi huo ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa ushindi wa kiisimu uliopatikana na mwigizaji ambaye hakuwa na mamlaka yoyote katika mkataba wake.

Hata hivyo chama cha NAACP, kilichotetea haki za Wamarekani Weusi tangu mwaka 1909, hakikuona kwamba ushindi huo unatosha. Mkutano wake mkuu ulikuwa umekutana Atlanta wakati uleule mchezo ulipoanza kuonyeshwa, ukaulaani papo hapo. Katika taarifa yake ya mwaka huohuo chama kililalamika kwamba kila mhusika ni mpumbavu au mwizi, daktari Mweusi ni tapeli, wakili Mweusi ni mwoga asiyejua sheria, mwanamke Mweusi ni mpiga kelele. Na kwa kuwa hapakuwa na mchezo mwingine wa kuonyesha Weusi wa namna nyingine, mtoto wa Kizungu angeamini kwamba ndivyo walivyo wote. Hoja hii ya mwisho ndiyo nzito. Wakili Calhoun aliyechekesha hangekuwa na madhara yoyote kama katika televisheni hiyohiyo angeonekana pia wakili wa aina ya Thurgood Marshall, ambaye wakati uleule alikuwa akiongoza kesi za NAACP dhidi ya ubaguzi katika shule, hadi Mahakama Kuu ya Marekani ikatoa hukumu mwezi Mei 1954. Marshall ndiye yule aliyewasaidia wajumbe Waafrika wa Kenya katika mazungumzo ya katiba mjini London mwaka 1960. Watu wa Nairobi, kwa hiyo, walikuwa wamekwisha kumjua wakili Mweusi wa kweli kutoka Marekani kabla ya kuletewa yule wa kuchekesha.

Waigizaji walijikuta kati ya pande mbili. Wengine walijibu kwamba hakuna kazi nyingine waliyopewa, na kwamba katika mchezo huo, pembeni mwa wapumbavu, walionekana mahakimu, mapolisi na wafanya biashara Weusi wenye heshima zao, jambo lisiloonekana kwingineko. Ernestine Wade aliutetea mchezo hadi uzeeni, akishikilia kwamba ulifungulia wengine mlango. Kwa upande mwingine jina la Sapphire likageuka kuwa istilahi: wachunguzi wa fasihi na jamii ya Marekani hulitumia kutaja picha ya chuki ya mwanamke Mweusi mkali asiyekwisha maneno. Ni machache majina ya wahusika wa vichekesho yaliyomfikisha mwigizaji wake pabaya kiasi hicho bila hatia yake.

Blatz ilijiondoa mwaka 1953, na CBS ikausimamisha mchezo. Jumla ya maonyesho yaliyotengenezwa ni 78, na hayo yaliendelea kuuzwa kwa kituo kimoja kimoja na kurudiwa nchi nzima kwa miaka kumi na zaidi, mpaka CBS ilipoyaondoa sokoni mwaka 1966. Waigizaji hawakufaidi sana marudio hayo. Mwaka 1956 Moore, Williams, Childress na Lee walijaribu kuzunguka mijini na onyesho lao, wakijitangaza kuwa ni nyota wa televisheni wa Amos 'n' Andy. CBS ikawazuia, kwa madai kwamba haki ya majina hayo ni yake peke yake. Kwa hiyo watu wanne waliojulikana na mamilioni kwa sura zao hawakuruhusiwa kusema mbele ya umma kwamba wao ndio wenye sura hizo.

Kilichofuata ni kifupi na cha kuhuzunisha. Tim Moore alirudi katika magazeti mwaka 1958, si kwa sababu ya sanaa, bali kwa kufyatua bastola nyumbani katika ugomvi uliohusu nyama choma iliyobaki; Marekani nzima ikacheka, kana kwamba Kingfish ametoka kwenye kioo. Alikufa Desemba mwaka huohuo kwa kifua kikuu. Maelfu walimzika, lakini kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe. Johnny Lee alikufa mwaka 1965. Amanda Randolph, aliyepata bahati kuliko wengi, aliendelea kuonekana kama mtumishi wa nyumbani katika mchezo wa Danny Thomas, akafa mwaka 1967. Williams aliishi kwa pensheni yake ya uanajeshi, akafa Los Angeles mwaka 1969. Childress alipata kufanya kazi ya kuegesha magari ya wateja, kisha akawa mtumishi katika ofisi za wilaya ya Los Angeles. Katika miaka ya 1970, michezo ya Weusi iliporudi katika televisheni, alipewa sehemu ndogo ndogo katika Sanford and Son na The Jeffersons. Kati ya kusimamishwa kwa Amos 'n' Andy na kuanza kwa Sanford and Son mwaka 1972 ilipita miaka 19, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mashirika makubwa ya televisheni hayakuonyesha mchezo mwingine wa kuchekesha wenye waigizaji wengi Weusi. NAACP ilikuwa imedai picha bora. Mashirika yakajibu kwa kuondoa picha kabisa. Kosa hilo ni la mashirika, lakini waliolipa ni waigizaji.

Katika habari za Childress kuna jambo moja ambalo halipaswi kuachwa. Mke wake wa kwanza alikuwa Alice Childress, mwandishi wa tamthilia, waliyeigiza pamoja Harlem. Mwaka 1955 tamthilia yake Trouble in Mind ilichezwa New York: inahusu mwigizaji wa kike Mweusi, mtu mzima, anayetakiwa na mwongozi Mzungu aseme maneno ambayo hakuna mama Mweusi angeyasema, naye mwishowe anakataa. Alice Childress alipotakiwa abadilishe mwisho ili tamthilia ipelekwe Broadway, hakukubali mabadiliko hayo, na tamthilia haikupelekwa. Ilifika huko mwaka 2021, miaka 27 baada ya kifo chake.

Msomaji wa Kenya ataukumbuka bila shaka mchezo wa Vitimbi, uliopendwa kwa miaka mingi katika televisheni ya taifa. Mzee Ojwang, mtu aliyesema Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, ambamo "sh" huelekea kuwa "s", alichezwa na Benson Wanjau, ambaye kwa asili alikuwa Mkikuyu. Aliigiza kwa ustadi mkubwa hivi kwamba watazamaji wengi walimdhania kuwa mtu wa Nyanza, na alipofariki mwezi Julai 2015 aliombolezwa na watu wa pande zote. Je, Wanjau hakufanya yaleyale aliyoyafanya Gosden? Kwa sura ya nje, ndiyo: mtu wa jamii moja anaazima ulimi wa jamii nyingine ili kuchekesha. Lakini Mjaluo, Mkikuyu na Mluhya wa mchezo huo waliishi mtaa mmoja, kila mmoja na lafudhi yake, na hakuna aliyekuwa na Kiswahili cha kuwahukumu wengine. Zamu ya kuchekwa ilizunguka. Katika Amos 'n' Andy zamu haikuzunguka. Hata hivyo si vema tofauti hiyo ikatumiwa kujistarehesha. Lafudhi ya mlinzi wa usiku, ya mtumishi wa nyumbani au ya mtu wa kaskazini mwa Kenya imekuwa ikitumiwa katika vichekesho vyetu bila wenyewe kuulizwa, na wanaisimu hawajaliandika sana jambo hilo.

Filamu ya Williams, The Blood of Jesus, iliingizwa mwaka 1991 katika orodha ya taifa ya filamu za Marekani zinazohifadhiwa kwa thamani yake ya kitamaduni. Nick Stewart naye, yule Lightnin' wa mwendo wa pole, alikuwa na mpango ambao wengi hawakuujua. Mwaka 1950 yeye na mkewe Edna walianzisha Los Angeles ukumbi wa michezo uitwao Ebony Showcase, na mshahara aliolipwa kwa kucheza mfagiaji asiyejua kusema ndio aliotumia kuuendeleza. Humo waigizaji Weusi walipewa michezo iliyoandikwa kwa ajili ya mtu yeyote, wakacheza mabwana na mabibi, madaktari na wapenzi, kwa lafudhi waliyoitaka wenyewe. Ukumbi ulidumu zaidi ya miaka arobaini, kisha wenyewe wakaupoteza kwa madeni na mabishano na halmashauri ya mji, na jengo likabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1990. Stewart alifariki mwaka 2000. Mahali pale, katika barabara ya Washington, pamejengwa ukumbi mwingine wa michezo, na kikundi kinachoigiza humo kimelibakiza neno Ebony katika jina lake.